Ufunguo wa akiba wa meseji zetu atashika nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzetu mliyemchapisha wiki iliyopita, yule aliyesema serikali zote duniani zipewe ufunguo wa akiba wa kufungulia meseji za watu, akamalizia kwa kusema yeye hana cha kuficha na hata leo wakimwomba simu anawapa. Nimeisoma barua yake mara tatu. Naona kabisa ni mtu mwema, anaogopa magaidi na wanaoharibu watoto, na mimi nawaogopa vilevile. Ila kuna mambo makubwa ameyaruka na nimeshindwa kunyamaza, maana hoja hii inarudi kila baada ya miaka michache na kila ikirudi inaongelewa kama haijawahi kujaribiwa popote, wakati imeshajaribiwa na yaliyotokea yanajulikana.

Nianze na hilo la kutoa simu. Ndugu yangu, simu unaweza kuitoa, lakini meseji zilizomo humo siyo zako peke yako, nusu ni za wenzio. Mimi kwenye simu yangu nilikuwa na meseji ya mtu wangu wa karibu aliyeniandikia usiku mmoja majibu yake ya vipimo, kabla hajamwambia mumewe, kabla hajamwambia mtu yeyote, akaniomba yabaki kati yetu (amenikubalia niseme hivi bila kumtaja). Sasa mimi nikisimama nikasema sina cha kuficha nakuwa nimemsemea na yeye, na hiyo ruhusa kanipa nani? Ukikaa ukafikiri vizuri utakuta na wewe unazo za namna hiyo, za mdogo wako anayedaiwa, za rafiki anayepigwa kwake na anapanga kuondoka, za mtoto aliyekuambia kitu hataki kijulikane shuleni. Wazee walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na leo kata yenyewe ndo hii simu, imebeba siri za mitungi ya watu wengi kuliko tunavyojua.

Tuelewane pia enkripsheni ni nini, maana wengi wanaiongelea kama mtambo wa majasusi. Ni hesabu tu. Simu yangu inachukua maneno yangu inayavuruga kwa kutumia ufunguo, yanasafiri yakiwa takataka isiyosomeka, yakifika kwako simu yako inayapanga upya, na huko katikati kampuni ya simu, mwenye seva, mtu aliyekaa kwenye waifai moja na wewe, wote wanaona takataka. Ndo hesabu za aina hiyohiyo zinazolinda paswedi yako ya benki na faili lako la hospitali. WhatsApp waliwawekea watumiaji wao wote Aprili 2016, watu zaidi ya bilioni moja, na waliichukua kwa watu wa Signal, programu nyingine ya meseji, ambao programu yao iko wazi, yeyote anayejua anaweza kuisoma mstari kwa mstari akatafuta kasoro. Sasa hesabu haina macho. Ukiiachia tundu la polisi mwenye kibali cha mahakama, haiwezi kumwangalia aliyekuja ikajua huyu kweli ni polisi na kibali anacho, au ni mwizi, au ni jasusi wa nchi nyingine, au ni polisi huyohuyo ila leo amekuja kwa mambo yake binafsi. Ufunguo ukiingia, inafunguka.

Mfano ninaotaka kila mtu aujue ni wa Ugiriki, na hapa naomba mnivumilie nieleze taratibu. Mitambo ya kuunganishia simu inatengenezwa ikiwa na sehemu ndani yake ya kuwawezesha polisi kusikiliza namba fulani wakija na kibali. Mitambo ya Ericsson iliyokuwa inatumiwa na Vodafone kule Ugiriki nayo ilikuwa na programu hiyo ndani, na kampuni ya simu ilikuwa hata haijanunua ile sehemu ya kuiendeshea, yaani mlango ulikuwepo ukutani lakini wenye nyumba hawautumii. Mwaka 2004, Athens inajiandaa na Olimpiki, kuna watu wakaingiza programu yao kimyakimya, ikauamsha ule mlango na ikaficha alama zake zote. Mpaka Machi 2005 simu zaidi ya 100 zilikuwa zinasikilizwa, mtu akipiga au akipigiwa nakala ya mazungumzo inakwenda kwenye simu nyingine za kadi, ipatayo 14, ambazo hakuna aliyejua ziko mkononi mwa nani. Na waliosikilizwa hawakuwa magaidi. Alikuwemo waziri mkuu Kostas Karamanlis mwenyewe na mkewe, walikuwemo mawaziri, wakubwa wa wizara ya ulinzi, waandishi wa habari, watetezi wa haki za binadamu. Waziri mkuu wa nchi, ndani ya nchi yake, anasikilizwa kupitia mlango uliotengenezwa kwa ajili ya polisi!

Na iligundulika kwa bahati tu. Meseji za wateja zikawa hazifiki, mafundi wakaanza kutafuta tatizo liko wapi, wakakuta programu ambayo siyo ya kwao. Ikafutwa haraka kabla wachunguzi hawajapata nafasi ya kuwakamata waliokuwa wanaitumia. Siku moja baada ya kufutwa, fundi mmoja mkubwa wa mtandao wa kampuni ile akakutwa amekufa nyumbani kwake. Rekodi nyingi ambazo zingesaidia kujua nani aliingia wapi na lini zikawa zimeshapotea au zimeshatupwa. Wananchi waliambiwa Februari 2006, karibu mwaka mzima baadaye, kampuni ikapigwa faini ya yuro milioni 76, na familia ya yule fundi ikaenda mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ambayo mwaka 2017 ilisema kifo chake hakikuchunguzwa ipasavyo. Mimi hii habari kila nikiifikiria namfikiria mama wa huyo fundi. Watu wanapozungumza juu ya mlango wa uani kwenye mawasiliano wanazungumza kama ni swala la kiufundi, la biti na funguo, wakati kuna familia ilizika mtu na mpaka leo haijaambiwa kilichotokea.

Mtu atasema hiyo ni Ugiriki na ni zamani, sasa hivi teknolojia imekua. Haya, njoo Marekani mwaka 2024. Kule kuna sheria ya mwaka 1994 inayozilazimisha kampuni za simu kutengeneza mitandao yao ili polisi waweze kusikiliza wakiwa na kibali. Miaka 30 baadaye serikali yao ikatangaza kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China wameingia kwenye kampuni kubwa za simu na miongoni mwa walivyonakili ni taarifa zilizokuwa zimeombwa na vyombo vya usalama kwa amri ya mahakama. Yaani mgeni aliweza kuona nani anafuatiliwa. Na Desemba ya mwaka huohuo wakubwa wa usalama wa mitandao na wa FBI, polisi wa upelelezi wa serikali kuu yao, wakawashauri wananchi watumie programu za meseji zenye enkripsheni, FBI haohao ambao kwa miaka walikuwa wakilalamika kwamba enkripsheni inawapofusha. Nawaheshimu kwa kusema hivyo mambo yalipofika shingoni. Ila ingekuwaje kama wangeshinda hoja yao miaka kumi nyuma, na hizo programu nazo zingekuwa na mlango? Wananchi wangeambiwa wakimbilie wapi?

Na hili la ufunguo wa akiba siyo wazo jipya kabisa. Aprili 1993 serikali ya rais Clinton wa Marekani ilileta chipu iliyoitwa Clipper, iwekwe kwenye simu, na ufunguo wa kila chipu ugawanywe vipande viwili vishikwe na idara mbili za serikali, ikitakiwa kusikiliza vinaunganishwa. Waliotengeneza ni NSA, idara ya ujasusi wa mawasiliano ya Marekani, watu ambao hakuna anayebisha uwezo wao. Mwaka uliofuata mtafiti mmoja, Matt Blaze, akaonyesha kwamba ile sehemu ya kuwahakikishia serikali njia yao ilikuwa na namba ya uhakiki fupi mno, biti 16 tu (yaani tarakimu 16 za sifuri na moja), mtu anaweza kuigushi akabaki na enkripsheni huku serikali ikikosa njia yake. Mpango ukafa baada ya muda. Ninachojifunza mimi hapo ni kwamba kufuli la kawaida tu ni gumu kulitengeneza vizuri, sembuse kufuli lenye ufunguo wa pili wa mtu ambaye hayupo kwenye mazungumzo.

Kipindi hichohicho Marekani ilikuwa inahesabu enkripsheni kali kama zana ya kivita, kuipeleka nje bila kibali ni kosa kama kusafirisha silaha. Phil Zimmermann aliyetoa programu ya PGP mwaka 1991 bure ili mtu wa kawaida alinde barua zake alichunguzwa miaka mitatu mpaka Januari 1996 walipoacha bila kumshtaki. Nchi nyingine wakawa wanapewa programu zenye ufunguo wa biti 40, ambao mwaka 1997 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Berkeley aliuvunja kwa saa tatu na nusu. Sheria ikalegezwa, watu wakasahau. Lakini kompyuta hazisahau. Mwaka 2015 watafiti wakagundua seva nyingi mno duniani bado zinakubali zile funguo dhaifu za enzi hizo na mtu anaweza kuzilazimisha zirudi huko, kwa hiyo waliokuwa wanaingia kwenye tovuti mwaka 2015, wengine wao walikuwa hawajazaliwa sheria ile ilipowekwa, walikuwa hatarini kwa uamuzi wa miaka ya 90. Udhaifu ukishauweka kwa makusudi hauna tarehe ya kwisha.

Sasa nije kwenye kuaminiana, maana msomaji mwenzetu ameandika kwamba tuwaamini wanaotulinda. Mimi sisemi ni watu wabaya. Nasema hakuna aliyewahi kuwapa watu uwezo wa kusikiliza kila mtu bila kuonekana halafu uwezo huo ukabaki kwenye kazi iliyokusudiwa. Kule Marekani kuanzia 1945 mpaka 1975 kampuni kubwa za telegramu zilikuwa zinaipa serikali nakala za telegramu za kimataifa, miaka 30, na ilipofikia kilele NSA walikuwa wanachambua kama 150,000 kwa mwezi. Wakawa na orodha ya raia wa kufuatilia, na humo alikuwemo Martin Luther King, alikuwemo Muhammad Ali, na alikuwemo seneta Frank Church, huyohuyo ambaye kamati yake mwaka 1975 ndo ilikuja kuyafumua haya mambo. FBI wao walitega vinasa sauti kwenye vyumba vya hoteli alivyolala King, na mwaka 1964 wakamtumia kanda pamoja na barua isiyo na jina iliyomwashiria ajiue. Huyu alikuwa mchungaji anayedai watu weusi wapige kura! Na waliofanya hivyo hawakujiona wahalifu, walijiona wanalinda nchi, na ndo maana nasema nia njema ya msikilizaji hainitoshi.

Miaka 38 baada ya ile kamati, Juni 2013, tukaja kujua kwa nyaraka za Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi NSA kwa mkataba, kwamba rekodi za simu za mamilioni ya Wamarekani zilikuwa zinakusanywa kila siku, namba gani imepiga namba gani, saa ngapi, dakika ngapi. Miezi mitatu tu kabla ya hapo mkuu wa idara zote za kijasusi aliulizwa hadharani mbele ya Seneti kama wanakusanya taarifa za mamilioni ya raia akajibu hapana. Aliulizwa na seneta aliyekuwa anajua ukweli lakini sheria ya siri inamfunga mdomo. Sasa kama mwakilishi wa wananchi anajua na hawezi kusema, mimi na wewe tutawasimamia vipi hawa watu?

Halafu kuna mambo madogo ya kibinadamu ambayo wakubwa hawapendi kuyaongelea. Nilishafanya kazi kitengo cha kompyuta sehemu moja, na mwenzetu mmoja aliyekuwa na paswedi kuu ya seva alikuwa anasoma barua pepe za mabinti wa ofisini, anajua nani anatoka na nani, nani ameomba kazi kwingine. Alikuja kujulikana baada ya miezi mingi, tena kwa kuropoka mwenyewe. Hakuvunja kitu chochote, alikabidhiwa paswedi kihalali. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu akidhani mashirika makubwa hayana hayo, mkaguzi mkuu wa NSA mwenyewe aliandika mwaka 2013 kwamba tangu 2003 kulithibitika matukio 12 ya wafanyakazi kutumia mitambo vibaya kwa makusudi, na baadhi yao walikuwa wanawafuatilia wapenzi wao au wake na waume zao. Hao ni waliothibitika, na wengine walijulikana kwa sababu walikiri.

Najua kuna swali gumu na sitalikwepa. Mtoto ametekwa, au kuna mtu anauza picha za watoto, na ushahidi uko kwenye meseji zilizofungwa, utamwambia nini mzazi? Nakiri kuna kesi enkripsheni inawachelewesha polisi na kuna kesi inawazuia kabisa, anayesema haina gharama anadanganya. Lakini polisi siyo vipofu kama wanavyosema. Mwaka 2016 FBI walikwenda mahakamani ili Apple ilazimishwe kuwatengenezea programu ya kuwasaidia kufungua simu ya muuaji wa San Bernardino, mji wa California, wakasema bila hivyo haiwezekani, kabla kesi haijasikilizwa wakapata mtu mwingine akawafungulia. Mwaka 2020 polisi wa Ufaransa na Uholanzi waliingia ndani ya mtandao wa simu za siri wa EncroChat uliokuwa unatumiwa sana na magenge. Mwaka 2021 ikajulikana FBI walikuwa wanaendesha wenyewe programu ya Anom, wahalifu wananunua simu wakidhani ni salama, vifaa kama 12,000, na zaidi ya watu 800 wakakamatwa. Njia hizo nazo zinahitaji sheria na jaji wa kuzisimamia, sikubaliani na kila kilichofanyika humo. Lakini zinalenga watu fulani, zinagharimu muda na akili, kwa hiyo anayezitumia analazimika kuchagua. Ufunguo wa akiba wa watu wote haumlazimishi mtu kuchagua.

Na muhalifu mwenyewe utamzuia vipi? Hizi hesabu zimeshachapishwa, wataalamu wawili, Diffie na Hellman, walitoa andiko lao mwaka 1976, AES, njia ya enkripsheni inayotumika karibu kila mahali ilichaguliwa kwa mashindano ya wazi na ilitengenezwa na Wabelgiji wawili, mtu mwenye ujuzi wa programu anaweza kujitengenezea. Genge lenye pesa litakuwa na kufuli lake. Atakayebaki na kufuli lenye tundu ni nesi, mwanafunzi, mke anayepigwa, mwandishi wako wewe Mhariri anayeongea na mtu wa ndani ya wizara. Februari 2025 Apple waliwaondolea Waingereza ile huduma ya kufunga nakala za simu zao kwa enkripsheni kamili baada ya serikali kudai ipewe njia, na sijui ni muhalifu gani aliyeumia kwa hilo, ninachojua ni kwamba mwananchi wa kawaida aliyeitaka alinyimwa.

Kwako Mhariri nina ombi. Gazeti lako likiandika habari hizi msiandike kwamba serikali inataka kufungua meseji za wahalifu, kwa sababu sheria za namna hii hazina njia ya kulegeza kufuli la muhalifu likabaki imara la jirani yake. Andikeni kwamba inataka meseji za kila mtu ziweze kufunguka. Na mkikutana na anayezitetea muulizeni huo ufunguo utakaa chumba gani, wangapi watakuwa na uwezo wa kuugusa, rekodi za waliougusa zitasomwa na nani asiyekuwa bosi wao, na ukiibiwa sisi tutaambiwa baada ya siku ngapi, maana Wagiriki walisubiri karibu mwaka.

Na kwa msomaji mwenzangu, barua yako nilimwonyesha yule mtu wangu wa majibu ya vipimo. Aliisoma yote, akakaa kimya kidogo, halafu akaniuliza kama ile meseji bado ninayo. Nikamwambia ipo. Akaniomba niifute, na nimeifuta mbele yake.

Msomaji wenu wa siku nyingi